Chuo Kikitaka Mtaa Wako: barua zenu kuhusu Columbia na wenye majengo wa Harlem

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu ile kesi ya Chuo Kikuu cha Columbia na wenye majengo wa Manhattanville, pale West Harlem, New York, waliokataa kuuza na jimbo likaamua kuwatwalia majengo ili chuo kijenge kampasi, na sikutegemea kama itawagusa watu kiasi hiki. Barua zimekuja kutoka Bronx, Dodoma, Tanga, mpaka Muscat kuna mtu kaniuliza. Nimechukua nne. Sitazijibu kwa kifupi, maana hii kesi ukiieleza nusunusu unampoteza mtu, na kuna wenzetu saa hizi barua za kuwataka wauze majengo yao ziko mezani kwao.

Dada, habari ya kazi. Mimi niko Bronx mwaka wa kumi na moja sasa, nina kaduka ka kutuma mizigo nyumbani, mapipa na maboksi, nimepanga kwa mzee mmoja mwenye jengo lake. Mwezi uliopita mzee kaniita akanionyesha barua, kuna chuo kinataka kununua mtaa mzima, wanaongea kwa heshima kabisa lakini chini kuna kamstari kanasema wasipoelewana "njia nyingine zitaangaliwa". Mzee anasema hauzi. Watu wanatuambia mtashindwa tu, hata wale wa Harlem walishindwa na Columbia. Hivi chuo cha binafsi, si cha serikali, kinapata wapi nguvu ya kumtoa mtu kwenye jengo lake? Na sisi wapangaji tunasimama wapi? — Msomaji, Bronx

Nzuri kaka, pole na huo mtihani. Nianze na hapo kwenye nguvu maana ndipo wengi wanapochanganya. Chuo chenyewe hakina nguvu ya kutwaa kitu. Columbia ni chuo cha binafsi, hakiwezi kumgongea mtu mlango kikamwambia hama. Mwenye nguvu hiyo ni jimbo, na jimbo la New York lina shirika lake linaitwa Empire State Development Corporation, hilo ndo linaweza kutwaa jengo kisheria alafu likalikabidhi kwa mwenye mradi. Kwa hiyo ule mstari wa "njia nyingine" kwenye barua ya mzee, mimi nausoma hivi: tusipoelewana tutaliomba jimbo lisimame upande wetu.

Columbia ilikuwa hivyohivyo. Mwaka 2003 chuo, chini ya rais wake Lee Bollinger, kilitangaza kinataka kampasi mpya Manhattanville, ekari 17, kuanzia mtaa wa 125 mpaka wa 133, kati ya Broadway na barabara ya 12. Ukipanda treni namba 1 unapajua, ile sehemu treni inatoka chini ya ardhi inapita juu kwenye daraja la chuma. Chini ya daraja hilo palikuwa na magereji, maghala, wauza nyama za jumla, sheli, storeji za kukodi watu waweke vitu vyao, vijumba vichache vya kupanga. Hapakuwa mahali pa kwenda kupiga picha ya harusi lakini watu walikuwa wanapata riziki pale. Chuo kikawa kinanunua jengo moja baada ya jingine, na wengi waliuza, wengine kwa bei nzuri tu, sitaki kusema wote walionewa. Kufika mwisho wa mwaka huohuo wa 2003 karibu nusu ya eneo ilikuwa tayari mikononi mwa chuo, ama imenunuliwa ama mkataba umesainiwa. Waliokataa mpaka mwisho wakabaki wachache sana, kampuni ya storeji ya Tuck-It-Away iliyokuwa na majengo kadhaa, na familia moja ya wahamiaji kutoka India yenye sheli zake.

Sasa jimbo haliwezi kuamka asubuhi likasema tunampa Columbia. Lazima liwe na sababu ambayo sheria inaijua, na sababu iliyotumika ni uchakavu. Sheria ya New York inaruhusu kutwaa eneo ambalo liko chini ya kiwango au si salama kiafya, maneno hayo yanatokana na enzi za miaka ya 1930, wakati jiji lilikuwa na mabanda watu wanalala kumi chumba kimoja bila choo wala dirisha, na katiba ya jimbo ikaingiza kipengele mwaka 1938 ili mabanda yale yaweze kubomolewa. Lengo lilikuwa zuri na lilisaidia watu. Miaka 70 baadaye maneno yaleyale yakatumika kupima kama sheli na storeji zimechakaa.

Na nani alipima? Hapa ndo pananiuma mpaka leo. Utafiti wa kwanza wa uchakavu ulifanywa na kampuni ya AKRF, na kampuni hiyohiyo ilikuwa imeajiriwa na Columbia kuusaidia mradi upate vibali. Mtu mmoja anafanya kazi kwa anayetaka ardhi na kwa anayeamua kama ardhi itwaliwe. Wenye majengo walilipigia kelele hilo mahakamani na baadaye shirika likaajiri kampuni ya pili, Earth Tech, ipitie upya, nayo ikasema hivyohivyo, eneo limechakaa. Wenye majengo wakajibu, subirini, chuo ndicho kinachomiliki sehemu kubwa ya mtaa tayari, wapangaji wametolewa, majengo yamefungwa, paa zinavuja hazizibwi, alafu anakuja mtu na kamera anapiga picha ya jengo hilo lililoachwa kuoza na picha hiyo inakuwa ushahidi dhidi ya jirani ambaye jengo lake ni zima na biashara inafanya kazi. Yaani mnunuzi anachakaza, alafu uchakavu unatumika kumtoa ambaye hajauza.

Kaka, nimekuambia yote haya kwa sababu moja. Desemba 2008 shirika lilipoamua kwamba utwaaji uendelee, wenye majengo walienda mahakamani, na mtu wa kwetu akisikia mahakamani anawaza mashahidi, kizimbani, wakili anamhoji mtaalamu wa upande wa pili mpaka ajikanyage. Hakuna kitu kama hicho kule. Kwa sheria ya utwaaji ya New York, ukipinga uamuzi unaenda moja kwa moja mahakama ya rufaa ya ngazi ya kati, una siku 30 tu tangu tangazo la uamuzi limalize kuchapishwa, na majaji wanasoma faili. Faili lililotengenezwa na shirika lenyewe wakati wa kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi. Kama karatasi yako haimo kwenye faili hilo, kwa majaji ni kama haipo duniani. Watu wanakaa miaka wanajiambia siku ya mahakama nitasema yote, kumbe siku ya kusema ilikuwa ile jioni ya kikao, kwenye ukumbi, dakika tatu kwenye maiki, na wao hawakwenda au walienda wakapiga kelele tu bila kuacha karatasi.

Kwa hiyo mwambie mzee asisubiri. Picha za jengo zipigwe sasa, ndani na nje, zenye tarehe, kila chumba, paa, boila, waya za umeme. Risiti za kila ukarabati zitafutwe hata zile za miaka kumi nyuma. Atafute injinia wake mwenyewe aandike ripoti ya hali ya jengo, ni gharama najua, lakini siku ile ikifika jimbo litakuwa na ripoti ya kurasa mamia na ninyi msiende na mikono mitupu. Mpige picha pia majengo ambayo chuo kimeshayanunua, leo, na baada ya miezi sita tena, ionekane nani alikuwa anaacha nini kioze. Ombeni nyaraka mapema kwa ile sheria ya jimbo ya haki ya kupata habari, maana Tuck-It-Away waliomba, wakazungushwa, wakaenda mahakamani kuzidai, na faili la utwaaji likafungwa kabla hawajapata kila walichoomba. Walilalamika kwamba huko ni kunyimwa haki ya kusikilizwa, ngazi ya kati ikawakubalia, ngazi ya juu ikasema hapana, mlikuwa na nafasi ya kutosha. Usije ukategemea kwamba nyaraka zikichelewa utaongezewa muda.

Wewe kama mpangaji. Chukua mkataba wako wa pango leo hii ukipumzika usome, utafute kipengele kinachozungumzia jengo likitwaliwa na serikali, karibu kila mkataba wa biashara New York unacho na watu wanasaini bila kukiona. Mara nyingi kinasema jengo likitwaliwa mkataba unakufa siku hiyo na fidia ya jengo ni ya mwenye jengo peke yake. Hata hivyo kuna kitu ambacho mpangaji bado anaweza kudai kama hakukikana waziwazi kwenye mkataba, yaani vifaa alivyovifunga mwenyewe kwa ajili ya biashara, kaunta, mashelfu yaliyogongelewa, mizani mikubwa, geti la chuma, friji za ukutani kwa wenye migahawa. Andika orodha, weka risiti. Na mkataba ukikaribia kuisha, kabla ya kusaini mpya mpe wakili asome kipengele hicho. Mradi ukiwa na hela ya serikali kuu ya Marekani kuna sheria ya 1970 inayowadai wakusaidie gharama za kuhama, kwa hiyo uliza hela za mradi zinatoka wapi, uliza kwa maandishi.

Shikamoo dada. Mimi nasoma sheria hapa Dodoma. Nimesoma kwamba wenye mali walishinda kwanza kwa kura tatu kwa mbili, alafu miezi michache baadaye wakashindwa bila jaji hata mmoja kupinga. Faili lilelile, ushahidi uleule. Inawezekanaje majaji waone vitu tofauti hivyo? — Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mdogo wangu. Umeshika penyewe, faili lilikuwa lilelile. Kilichotofautiana ni swali ambalo majaji walijiuliza.

Tarehe 3 Desemba 2009 mahakama ya ngazi ya kati, Manhattan, ilitoa uamuzi, na Jaji James Catterson ndiye aliyeandika maoni yaliyoongoza. Alijiuliza, je, hapa kweli kuna uchakavu? Akaingia ndani ya faili, akafuata mfuatano wa tarehe, nani alimwajiri nani, chuo kilikuwa kimenunua kiasi gani kabla utafiti haujaanza, na akahitimisha kwamba uchakavu huo ni maneno ya kutengenezwa, na kwamba kilichotangulia ni mpango wa Columbia, sababu ya umma ikatafutwa baadaye. Alikataa pia hoja ya pili ya shirika kwamba chuo ni mradi wa kijamii, kwa kuwa anayefaidika ni taasisi binafsi.

Juni 24, 2010, Mahakama ya Rufaa ya jimbo, ambayo kule New York ndo ya juu kabisa, ikatengua. Aliyeandika ni Jaji Carmen Beauchamp Ciparick. Yeye hakuuliza kama kuna uchakavu. Aliuliza kama shirika lilikuwa na msingi wowote wa maana wa kusema upo. Ukiliona faili kwa jicho hilo, kuna ripoti mbili, kuna picha, kuna takwimu za majengo, mtu mwenye akili timamu anaweza kukubali na mwingine mwenye akili timamu akakataa, na palipo na tofauti ya namna hiyo kazi ya kuamua ni ya shirika, mahakama haiingilii. Akaongeza kwamba hata bila uchakavu, elimu ni jambo la umma, na sheria inayozungumzia mradi wa kijamii haikutenganisha chuo cha serikali na cha binafsi. Alitaja bustani na maeneo ya wazi yatakayofunguliwa kwa wananchi, na ajira zilizokadiriwa.

Angalia tarehe sasa. Novemba 24, 2009 mahakama hiyohiyo ya juu ilikuwa imetoka kuamua kesi ya Goldstein, kuhusu mradi wa Atlantic Yards kule Brooklyn, uwanja wa mpira wa kikapu na maghorofa, na ilisema uchakavu ni suala la shirika kuamua. Siku tisa kabla ya Catterson! Yeye na mwenzake walijaribu kuonyesha kwamba Manhattanville ni tofauti na Brooklyn, na hoja zao mimi naziona za nguvu, lakini walikuwa wanapanda mlima ambao tayari umeshamwagiwa mafuta. Jaji Robert Smith aliyekuwa amepinga kwenye Goldstein, safari hii alikubali matokeo kwa sababu tu Goldstein ilishakuwa sheria. Ndo maana ukaona hakuna aliyepinga. Usisome kura hizo ukadhani majaji wote waliona wenye mali hawana hoja.

Desemba 13, 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi, na hapo njia zikaisha. Waliokuwa na matumaini kwamba ingesikilizwa walitegemea kesi ya Kelo. Kama hujaisoma isome wiki hii, ni ya 2005, mji wa New London huko Connecticut, kura tano kwa nne, mahakama ikasema maendeleo ya uchumi peke yake yanatosha kuwa manufaa ya umma. Jaji Anthony Kennedy alikuwa kwenye wale watano lakini akaandika maoni yake pembeni, kwamba kama manufaa ya umma ni kisingizio tu cha kumpendelea mtu binafsi basi hapo mahakama iangalie kwa ukali. Watu wa Harlem walijenga matumaini yao kwenye mlango huo mdogo aliouacha Kennedy. Majimbo zaidi ya arobaini yalibadilisha sheria zao kwa namna fulani baada ya Kelo. New York haikubadilisha. Na ule mtaa wa New London nyumba zikaondolewa, alafu Pfizer, kampuni ambayo mji ulijipanga kuzunguka kituo chake cha utafiti, mwaka 2009 ikatangaza inaondoka, pakabaki majani.

Kwenye insha yako usiniandikie Catterson alikuwa sahihi au Ciparick alikuwa sahihi ukaishia hapo. Andika nani anabeba mzigo wa kuthibitisha, na kwa kiwango gani. Kesi nzima imelala hapo.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha miaka thelathini na sita. Nakusoma kila mwezi na nakupenda lakini safari hii sikukuelewa. Chuo kinajenga maabara, watoto wa watu wanasoma, madaktari wanatoka pale. Sheli inaweza kuhamia popote. Kwani elimu si jambo la kheri? — Mama wa Tanga

Shikamoo mama yangu. Ni jambo la kheri, na usidhani nalisema kwa juujuu. Columbia ilikuwa na shida ya kweli, kampasi yake ya Morningside Heights imebanwa kila upande, kwenye jiji ambalo kila futi ina mwenyewe. Na wamejenga kweli. Kituo cha sayansi cha Jerome L. Greene ambako wanachunguza ubongo, jengo la sanaa la Lenfest, ukumbi wa mikutano, na mwaka 2022 shule ya biashara ikahamia pale kwenye majengo mawili mapya. Mbunifu wa yale matatu ya kwanza ni Renzo Piano, na ukipita pale chini ni vioo, unaona ndani, hakuna ukuta wala geti kama kampasi ya zamani. Mradi wote ulikadiriwa dola bilioni 6.3 na kuchukua miaka kama 25. Chuo kilisema pia kinahitaji eneo lote bila kuachia hata kiwanja kimoja, kwa sababu chini ya ardhi kinachimba sehemu moja kubwa iliyoungana, magari ya mizigo, maegesho, mitambo yote ipite huko chini, na sheli katikati ingeivunja. Hoja hiyo ya kiufundi naielewa, sitaibeza.

Ila mama, wewe umefundisha, unajua kwamba shule ikijengwa kijijini kwa ardhi ambayo mzee fulani alikuja kwenye mkutano akasema nawapa, ile shule ina heshima yake, na ikijengwa kwa ardhi ambayo mzee huyohuyo alitolewa akiwa anasema sitaki, watoto watasoma lakini kijiji kitakumbuka. Harlem wanakumbuka sana. Mwaka 1968 Columbia hiyohiyo ilitaka kujenga jimu ndani ya Morningside Park, bustani ya umma, wanafunzi na wageni wa chuo waingilie juu na watu wa Harlem, weusi, waingilie mlango wa chini kwenye sehemu yao ndogo. Wanafunzi wakayakalia majengo ya chuo mwezi wa nne mwaka huo, polisi wakaja, na jimu ikaachwa. Sasa miaka 35 baadaye chuo kinarudi na mpango mara kadhaa zaidi ya ule. Bodi ya mtaa, namba 9, ilikuwa na mpango wake wa eneo hilo, ilioufanyia kazi kwa miaka, wa kubakiza viwanda vidogo na nyumba za bei nafuu pamoja na chuo. Agosti 2007 bodi ikaupigia kura mpango wa Columbia, 32 wakaukataa, 2 wakaukubali. Kura ya bodi ni ushauri tu kisheria. Desemba 2007 Baraza la Jiji likapitisha mabadiliko ya matumizi ya ardhi.

Kuna mengine lazima niyaseme ili nisimwonee mtu. Kwenye eneo lile kulikuwa na makazi 132 ya watu, na chuo kilikubali kwamba nyumba za kuishi hakitaomba zitwaliwe kwa nguvu, kwa hiyo waliopinga mahakamani walikuwa wenye majengo ya biashara. Na mwaka 2009 chuo kilisaini makubaliano na shirika la wakazi wa West Harlem, dola milioni 150, milioni 76 za mfuko wa jamii, milioni 24 za nyumba, milioni 20 za huduma, na milioni 30 za shule ya watoto ambayo Chuo cha Ualimu cha Columbia kinaisaidia. Shule hiyo ipo, watoto wa Harlem wanasoma pale. Kwako wewe mwalimu najua hilo lina uzito, na kwangu pia.

Hapo kwenye "sheli inaweza kuhamia popote" ndo sikubaliani na wewe mama. Sheli Manhattan haihamii popote. Zilizobaki zinahesabika, na vibali vipya ni kama havipo. Mtu aliyetoka kwao akaanza kwa kumjazia mwingine mafuta miaka na miaka, akanunua pampu ya kwanza, akanunua kiwanja, ukimwambia chukua hela uende, umempa hela kweli lakini kile kibali, ile kona, wale madereva wa teksi wanaokuja kila alfajiri, huwezi kumrudishia. Angetaka kuuza angeuza. Mimi sina ugomvi na chuo kununua mtaa mzima kwa bei ambayo wenye mtaa wanaikubali, hata kama itachukua miaka arobaini. Ugomvi wangu unaanza pale jirani aliyekataa anapogeuziwa jina, mtaa wake unaitwa chakavu kwenye karatasi za serikali, ili kukataa kwake kusihesabike.

Mimi niko Kigamboni, nilishafanyiwa uthamini mara moja barabara ilipopita kwetu. Nauliza tu, wale wa Harlem walilipwa vipi? Na mtu akipokea hela ndo basi hawezi kudai tena? Maana kwetu watu wanaogopa kusaini. — Msomaji, Dar es Salaam

Kaka, malipo ya mtu mmoja mmoja sitayaingia, nikueleze mfumo wa New York ulivyo maana unashangaza kidogo.

Kabla ya kutwaa, shirika linapaswa kuleta uthamini wake na kukupa ofa ya maandishi, na ofa iwe asilimia 100 ya uthamini wa juu kabisa walioukubali wao, hawaruhusiwi kuanza na nusu ili mpatane bei. Ukipokea una njia mbili, unaweza kupokea kama malipo kamili ukamaliza, au unaweza kupokea kama malipo ya awali ukaenda mahakamani kudai zaidi. Kuchukua hela hakukufungi mdomo, mradi karatasi unayosaini iseme ni malipo ya awali. Hapo kwenye hatua ya fidia ndo unakutana na kesi ya kweli, mashahidi, wathamini wawili wanabishana mbele ya jaji. Na mahakama ikija ikakupa kiasi kinachozidi sana ile ofa, inaweza kuamuru ulipwe pia gharama za wakili na mthamini wako, ikiona zilihitajika ili upate haki yako.

Kinachopimwa ni bei ya soko ya ardhi na jengo, na vile vifaa vilivyofungwa vya biashara. Jina la biashara, wateja ulowazoea, faida ambayo ungeipata mwakani, havilipwi. Hapo sheria yetu ya Tanzania ina kitu ambacho mwenye duka wa Harlem angekitamani, maana kanuni za fidia za 2001 zinaweka pamoja na thamani ya ardhi posho ya usumbufu, usafiri, makazi, na upotevu wa faida, ambayo ni faida halisi ya mwezi mara 36. Sasa hiyo faida wengi wetu tunaipoteza kwa sababu hatuna hesabu. Mthamini anauliza mwezi unapata ngapi, mtu anataja kichwani, anaulizwa karatasi iko wapi, hana, anaandikiwa sifuri au kidogo sana. Anza daftari leo, mauzo ya siku na matumizi ya siku, na risiti za kodi uzitunze.

Na kuhusu kusaini, fomu ya uthamini isome yote kabla, uhesabu miti, vyumba, kisima, choo, kila kitu, kama kuna kilichorukwa kiandikwe hapohapo mbele ya mtendaji wa mtaa, upige picha fomu kwa simu yako kabla haijaondoka mkononi mwako. Ukitaka nikuelekeze zaidi kuhusu ile barabara niandikie tena uniambie uthamini ulifanyika mwaka gani na hela ilitoka mwaka gani, kwa sababu malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita kuna riba unayoweza kuidai.